NDEVU ZA MDADA WA OFISINI ZINAWAWASHA NINI?

Kuna mdada mmoja mhasibu, ofisi yake maeneo ya Posta, Dar, jina kapuni. Corona watu walishaisahau lakini yeye barakoa havui. Wakimuuliza anasema ana mafua. Mafua gani ya miezi minane jamani! Ukweli ni kwamba kidevuni ana ndevu, na katikati ya ndevu kuna kovu jeusi la kuungua.

Ndevu zilimuanza akiwa na miaka 19. Kila siku alfajiri kabla ya kuwahi daladala alikuwa anazing'oa moja moja na kibano, huku kashika tochi ya simu. Sasa siku moja kwenye kikao, bosi wake wa kitengo, mwanamke mwenzake, tena mtu mzima kabisa, akamwambia mbele za watu: "Mdogo wangu, leo umesahau kunyoa?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka, si angefanyaje.

Wiki ileile akaenda saluni moja ya uchochoroni. Kwa nini hapo? Kwa sababu kuna staa mmoja, naye jina kapuni, aliposti kwamba hapo ndevu wanazimaliza "milele" kwa siku moja. Mdada akalipa, akapigwa mwanga kidevuni, akatoka na malengelenge.

Watu watasema kosa ni la kwake, angeuliza kwanza. Amuulize nani? Yule bosi? Hii ndiyo hasara ya kumcheka mtu, maana aliyechekwa anajificha, na anayejificha haulizi bei wala haulizi cheti, anaingia mlango wa kwanza uliofunguliwa. Waliomuunguza ni wawili, mwenye mashine na wale waliocheka kwenye kikao.

Na hilo neno "milele" liangaliwe vizuri, kwa sababu ndilo linalouza. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, hairuhusu leza kuuzwa kama kitu cha kuondoa nywele zote moja kwa moja. Inaruhusu kusema inapunguza kwa muda mrefu, basi. Leza inapiga nywele zilizo kwenye hatua ya kukua tu, zile zilizolala haziguswi, ndiyo maana mtu anarudi mara sita, nane au zaidi, wiki kadhaa kati ya mara moja na nyingine. Siku moja wapi na wapi! Halafu mwanga ule unafuata rangi nyeusi. Ngozi yetu nayo nyeusi. Mashine ikiwa siyo yake, inaacha nywele inachoma ngozi. Kwa ngozi nyeusi madaktari wanaamini zaidi leza ya Nd:YAG, ambayo inapita chini zaidi bila kuiunguza sana ngozi ya juu. Mwulize mwenye saluni mashine yake inaitwaje uone atakavyokodoa macho.

Inayoua nywele moja kwa moja ni elektrolisisi, sindano nyembamba ya umeme kwenye shina, unywele mmoja mmoja. Ni ya zamani sana, daktari mmoja wa macho wa Marekani aliianza 1875 kwa ajili ya kope. Inachosha, inauma kidogo, na inataka uache nywele zitokeze siku kadhaa kwanza, kitu ambacho kwa mtu wa ofisini ni mtihani. Leza kwa upande huo ina nafuu, kwani unanyoa kabla ya kwenda. Usizing'oe tu, shina likitoka mwanga hauna cha kupiga. Na wembe hauongezi ndevu, hayo ni maneno ya saluni. Unaenda Ijumaa jioni, Jumatatu wekundu umeshapungua, na hakuna wa kumuaga zaidi ya kusema una miadi hospitali.

Ila kwanza homoni zipimwe. Ndevu zikija na hedhi inayoruka, mara nyingi ni PCOS, tatizo la homoni na ovari ambalo linawapata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi. Mmoja kati ya kumi! Kwa hiyo kwenye kile kikao huenda kulikuwa na mwingine anayecheka huku kaficha kibano kwenye pochi. Usipotibu chanzo, nywele mpya zinaendelea kuja hata ukipigwa leza mpaka uchoke. Na zile krimu za kung'arisha zenye steroidi zinaweza kuotesha nywele usoni. Wanakuuzia ugonjwa na dawa kwenye duka moja.

Kuna na wale wa "ajikubali tu, mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya hela". Bahati hiyo wachukue wao. Mtu akivaa waya za meno haambiwi ajikubali.

Mdada sasa yuko kwa daktari wa ngozi, kovu kwanza, ndevu baadaye. Ofisini hajamwambia mtu na hadaiwi maelezo. Meza ya pili kutoka kwake kuna kaka wa IT anapaka minoxidil asubuhi na jioni ili ndevu zijae. Chupa ipo wazi pembeni ya kompyuta. Yule bosi alimuuliza anainunua wapi, anataka kumpelekea mume wake.