Msomi wa sheria aandike, mwananchi aelewe

Si jambo geni katika mahakama zetu kumkuta mshtakiwa kizimbani akigeuza shingo kutoka kwa hakimu hadi kwa kiongozi wa mashtaka, mithili ya mtu atazamaye mchezo asioujua kanuni zake. Kesi ni yake na kifungo kitakuwa chake, lakini maneno ni ya wengine. Hali hiyo hunikumbusha marehemu Profesa Nils Christie wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, aliyefariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 87.

Christie alianza usomi wake kwa swali zito. Akiwa bado mwanafunzi, aliwahoji raia wa nchi yake waliokuwa walinzi katika kambi ambamo wafungwa kutoka Yugoslavia waliteswa na kuuawa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Aligundua kwamba walinzi wasiotesa walikuwa wamewakaribia wafungwa, wakazungumza nao, hata wakaonyeshwa picha za jamaa zao. Waliowaweka mbali ndio waliowadhuru. Funzo hilo halikumwacha hata alipokuwa profesa wa taaluma ya uhalifu mwaka 1966.

Mhadhara wake mashuhuri aliutoa Sheffield, Uingereza, mwaka 1976, ukachapishwa mwaka uliofuata. Hakuuanzia Ulaya, bali katika kijiji kidogo cha Arusha, Tanzania. Mwanamume alikuwa akidai mali aliyomgharimia mchumba aliyemkataa. Nyumba ilifurika watu. Wadai wawili waliketi katikati, jamaa wakachangia, waamuzi wakanyamaza na kusikiliza. Kutokana na kisa hicho Christie alijenga hoja kuwa mgogoro ni mali ya wenyewe, na kwamba katika nchi za viwanda mawakili na wataalamu wengine wameipora mali hiyo.

Mimi mwanaisimu naongeza kwamba silaha ya uporaji huo ni lugha. Mtoto akichuma embe la jirani bila ruhusa, nyumbani tutamwita mtundu. Akifikishwa kituoni, ataitwa mwizi. Embe ni lile lile, ila jina limebadilika, na jina hilo laweza kumwandama maisha yake yote. Christie alilielewa hilo vyema. Ndiyo maana aliandika kwa maneno mepesi, akiwashauri wenzake waandike kana kwamba wanamwandikia shangazi wampendaye.

Yamkini msomaji atauliza: je, turejeshe kesi zote barazani kwa wazee? La, hasha! Tunajua jinsi wazee wanavyoweza kupokea mbuzi na kuufunika unajisi wa mtoto wa watu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na mbinu za jadi za kutatua migogoro, lakini inakataza zisitumiwe kukiuka haki za binadamu. Mahakama zinahitajika. Linalotakiwa ni kwamba mwenye kesi asiwe mgeni katika kesi yake.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Lakini mkalimani atatafsiri nini ikiwa istilahi za sheria hazijazoeleka katika Kiswahili, na vitabu vya sheria ya jinai vinaandikwa kwa Kiingereza cha mabingwa pekee?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Wale wa sheria na wale wa Kiswahili wanasoma katika vyuo vile vile, lakini hawasomani. Mwanafunzi wa sheria na aandike walau insha moja ambayo shangazi yake kijijini ataielewa. Mwalimu wa Kiswahili naye awapeleke wanafunzi wake mahakamani, wasikilize, kisha watafute maneno yanayokosekana. Usomi wa sheria ambao mshtakiwa hauelewi ni ukuta mwingine wa gereza, nao umejengwa kabla hata hukumu haijasomwa.