Ukimpeleka mtoto Mombasa, usione haya kuuliza

Kila shule zinapofungwa, wazazi wengi wa Nairobi hufunga safari ya Mombasa kumtembelea rafiki wa zamani. Huandaa nguo za kuogelea, zawadi ya mwenyeji na nauli ya basi au gari moshi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu huchukuliwa tu kama mzigo wa kupakatwa, na wasiwasi wote huwa ni wa barabara. Ni kweli ajali zipo. Lakini kwa maoni yangu, jambo ambalo wazazi hawalifikirii ni nyumba yenyewe wanakokwenda kulala, na sababu ni moja: mgeni huona haya.

Nyumbani kwako umekwisha kuzoea kwamba mna mtoto. Dawa ziko juu ya kabati, na mafuta ya taa yamefungiwa. Kwa rafiki ambaye watoto wake wamekua, au ambaye hana mtoto kabisa, mambo hayako hivyo. Mafuta ya taa yamo ndani ya chupa ya soda chini ya meza ya jikoni. Vidonge vya nyanya wa nyumba hiyo vimewekwa kando ya kitanda, mahali anapoweza kuvifikia usiku, naye hana kosa kwa hilo.

Wakati mmoja niliwahi kumhudumia mtoto wa miaka miwili aliyekuwa amemeza vidonge vya kisukari vya mwenyeji wao. Alikuwa amelegea na kutokwa na jasho, maana sukari ilikuwa imeshuka mno mwilini. Kwa bahati alifikishwa mapema, akapona. Mamake aliniambia kwamba chupa hiyo aliiona tangu siku ya kwanza, ila hangeweza kumwambia mtu mzima aondoe dawa zake nyumbani kwake mwenyewe. Msomaji, kidonge kimoja tu cha aina fulani za dawa za kisukari chaweza kumzimisha mtoto wa umri huo. Na akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa, kwa kuwa akitapika mafuta huingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Kwa hivyo mpigie rafiki yako simu kabla ya kusafiri. Mwambie, “Mwanangu anagusa kila kitu, naomba unisaidie tuinue dawa na mafuta.” Sijamwona bado rafiki wa kweli aliyekasirika kwa maneno kama hayo.

Uliza pia kuhusu maji. Mitaa mingi ya Mombasa hukosa maji ya mfereji kwa siku kadhaa, na watu huyahifadhi kwa mapipa, ndoo na mitungi, aghalabu bafuni. Mtoto anayejifunza kutembea huinama kutazama maji, kichwa kikamwelemea, na anaweza kufa maji ndani ya ndoo ambayo haijajaa. Hapigi kelele. Wazazi humchunga mtoto ufuoni kwa macho manne, kisha wakirudi nyumbani wakamwacha azurure karibu na pipa lisilo na mfuniko. Mfuniko huo huo huzuia mbu wanaoleta dengue, ambao hutaga mayai katika maji yaliyohifadhiwa na huuma mchana. Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa dengue 2013 na tena 2017. Ndiyo maana homa ya Pwani itulizwe kwa parasetamoli pekee, usimpe aspirini wala ibuprofeni.

Maji ya kunywa yachemshe mwenyewe, hata kama wenyeji hunywa ya kisima bila kudhurika. Akianza kuhara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ukiyachanganya kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukikosa pakiti, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Akiwa hawezi kunywa, macho yameingia ndani, au kuna damu kwenye choo, usingoje kukuche.

Sasa nije kwa malaria. Imepungua Pwani ikilinganishwa na miaka ya 1990, lakini haijaisha, na mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga ambayo mwenzake wa Kilifi au Kwale huipata kidogo kidogo. Usijilinganishe basi na mwenyeji anayekuambia kwamba wanawe hulala bila neti. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa 1996 ulionyesha kuwa neti zilizotiwa dawa zilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa karibu theluthi moja. Beba neti yako na kamba ya kuifungia. Mwone daktari wiki tatu hivi kabla ya safari akueleze kama mtoto anahitaji vidonge vya kuzuia malaria, kwa sababu vingine huanzwa siku moja au mbili kabla na vingine wiki mbili. Mwenye ugonjwa wa selimundu asisafiri kabla ya kuonwa.

Jambo la mwisho hutokea mkiwa mmerudi, na ndilo hunisumbua zaidi. Malaria kwa kawaida haijitokezi kabla ya siku saba tangu mtoto aumwe. Homa ya siku ya pili ya ziara huenda ikawa ya koo au sikio. Ile ya kuogopwa huja wiki moja, mbili au hata zaidi baada ya safari, wakati neti imekunjwa na picha zimeonyeshwa majirani. Mtoto hupelekwa kliniki ya mtaani, na kwa kuwa ni Nairobi, huambiwa ni mafua akapewa dawa ya kikohozi. Siku ya tatu anashikwa na degedege. Kwa hivyo akipatwa na joto wakati wowote ndani ya miezi mitatu, mpeleke siku hiyo hiyo, na kabla hujaketi mwambie daktari, “Tulikuwa Pwani,” umtajie tarehe, kisha uombe damu ipimwe.