Kujifunza Ualimu Ng'ambo: Kutoka Eldas mpaka Melbourne

Mtu akisikia kwamba mtoto wa jirani amekwenda ng'ambo kusoma, mara humwona moyoni mwake amevaa koti zuri, fedha tele mfukoni, wala hana kazi ila kusoma vitabu na kula vizuri. Ndiyo sababu maombi ya msaada humfuata mwanafunzi huyo hata kabla hajaijua njia ya kutoka chumbani kwake mpaka dukani. Yafaa basi kueleza maisha ya siku kwa siku ya mwanafunzi wa namna moja tu, yaani yule ajifunzaye ualimu katika nchi ya Australia. Na msomaji na amfikirie kijana aliyetoka Eldas, kaskazini ya Kenya.

Eldas ni mji mdogo katika Kaunti ya Wajir, upande wa kaskazini-magharibi ya mji wa Wajir wenyewe. Wenyeji wake ni Wasomali, mali yao ni ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mwenendo wao hufuata mvua. Mtoto wa huko huanza kusoma Kurani katika duksi, pengine chini ya mti, akiandika juu ya ubao wa mti kwa wino wa makaa. Mwalimu wa duksi huhama pamoja na jamaa na mifugo yao. Shule ya serikali haihami, na hapo ndipo palipo shida yake kubwa. Tena mwalimu wa shule hiyo, kwa miaka mingi, alikuwa mgeni: mtu wa Kisii, au wa Machakos, au wa Magharibi, aliyesafiri kwa basi siku nzima na zaidi, akafika mahali ambapo hajui lugha, maji ya kisima yana chumvi, na joto halimpi usingizi. Watoto walimcheka kwa namna alivyotamka majina yao. Kijana wetu naye alicheka.

Sasa kijana huyo amekwenda yeye kuwa mgeni. Gharama ya kumpeleka si ndogo. Tangu Mei 2024 serikali ya Australia humtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe kwamba anazo dola 29,710 za huko za kumtunza kwa mwaka mmoja, nazo ni zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya. Na hizo ni mbali na karo, nauli, na bima ya matibabu ambayo ni lazima. Ada ya viza peke yake ilipandishwa ikawa dola 1,600 mwezi wa Julai 2024, na mwaka uliofuata ikawa dola 2,000, wala hairudishwi kwa aliyekataliwa. Wachache hupata msaada wa masomo. Wengine hutegemea ngamia wa baba, na harambee ya ukoo, na mjomba aliyeko Eastleigh. Mtu aliyesafirishwa kwa namna hiyo hasafiri peke yake. Amebeba macho ya watu wengi.

Masomo ya ualimu huko huchukua miaka minne kwa asiye na shahada, au miaka miwili kwa aliyekwisha kupata shahada nyingine. Katika ile miaka minne ni sharti mwanafunzi akae katika shule za watoto siku zisizopungua 80, akifundisha chini ya uangalizi, wala siku hizo hazina mshahara. Kabla ya kuingia darasani huchunguzwa na serikali kama ni mtu anayefaa kukaa na watoto. Na kabla ya kumaliza hufanya mtihani maalumu wa kusoma, kuandika na hesabu, ambao wenyeji wenyewe huuogopa.

Siku ya mazoezi, katika mwezi wa Juni ambao huko ni baridi, kijana huamka kabla ya saa kumi na mbili. Nje giza tupu. Huswali alfajiri akiwa amevaa soksi mbili na sweta, hunywa chai, na hutoka kwenda kungojea treni katika baridi ya digrii saba au nane. Jua halionekani mpaka saa moja na nusu. Na hapa kuna jambo ambalo huwachekesha wanafunzi wote watokao Afrika ya Mashariki. Hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya jua linalochomoza na kutua kwa wakati ule ule mwaka mzima. Saa kumi na mbili ni machweo, na mambo yamekwisha. Melbourne, mwezi wa Desemba, jua hutua saa tatu kasorobo usiku! Mwezi wa Juni limekwisha kutua saa kumi na moja na dakika chache. Tena saa sita ya mchana jua husimama upande wa kaskazini, halipandi utosini kama Eldas. Mtoto wa mfugaji, ambaye hajapotea nyikani tangu alipozaliwa, hutoka kituo cha treni akaelekea siko.

Hufika shuleni kabla ya saa mbili na nusu, maana si adabu mwalimu mwanafunzi kufika pamoja na watoto. Kwanza hutafuta mahali pa kuketi katika chumba cha waalimu, na jambo hilo dogo humtaabisha kuliko hesabu, kwa kuwa kila kikombe kina mwenyewe na kila kiti, ijapokuwa hakikuandikwa jina, kina mtu wake. Kisha humwonyesha mwalimu msimamizi maandalio ya somo. Msimamizi huketi nyuma ya darasa na kuandika, na baada ya somo huzungumza naye kwa upole: alisema kwa haraka, alimwuliza swali mtoto mmoja mara tatu, na wale wa pembeni hakuwauliza hata mara moja, neno fulani alivyolitamka, watoto hawakulifahamu. Ndiyo, watoto walicheka kidogo. Wakati huo ndipo humkumbuka yule mwalimu wa Machakos.

Watoto wenyewe humshangaza. Darasa lina watoto ishirini na kitu, ambapo huko nyumbani dawati moja hukaliwa na watatu au wanne. Huuliza sababu ya kila jambo, hata sababu ya kuambiwa wanyamaze, na mwalimu hutakiwa ajibu. Katika miezi ya jua kali mtoto asiye na kofia haruhusiwi kucheza uwanjani, na mwalimu naye huvaa yake. Hapana fimbo. Nchini Kenya pia fimbo ilikatazwa shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya 2013 zikathibitisha hivyo, lakini kila mtu ajua kwamba mikono mingine haijasikia habari hiyo. Kijana aliyelelewa na fimbo hana budi kujifunza kutuliza watoto ishirini na tano kwa sauti na macho na mpango mzuri wa kazi. Wengi hukiri kwamba hilo ndilo somo gumu kuliko yote, na ndilo wanalolithamini zaidi.

Shule hufungwa saa tisa na nusu. Mwenyeji huenda kwake. Mgeni huenda kazini, kwa kuwa kodi ya chumba hailipwi kwa shahada. Sheria humruhusu kufanya kazi ya ujira saa 48 tu kwa kila majuma mawili wakati wa masomo. Ndivyo ilivyo tangu Julai 2023. Kwa hiyo hupiga deki ofisi za watu usiku, au hupanga masanduku katika ghala, au hutunza wazee. Majuma ya mazoezi ndiyo mabaya kabisa, maana mchana wote ni wa shule bila malipo na usiku hautoshi. Serikali ya huko iliiona shida hiyo, na tangu Julai 2025 wanafunzi wa ualimu wasio na uwezo wamelipwa posho kwa majuma hayo. Ilipoanza ilikuwa dola 331 na senti 65 kwa juma. Lakini posho hiyo ni ya raia na wakaaji wa nchi. Mwanafunzi wa kigeni haimhusu. Haifai kuilaumu nchi kwa kuwatunza watu wake kwanza. Ila yafaa jamaa walioko nyumbani wajue, kabla ya kupiga simu kuuliza kwa nini mwezi huu hakutuma kitu.

Siku ya Jumamosi huenda Flemington au Footscray, vitongoji vya Melbourne ambavyo watu wengi wa Pembe ya Afrika wamehamia tangu miaka ya 1990. Huko hupata anjera, na nyama iliyochinjwa kwa sheria, na wazee wa kumwuliza, “Wewe mtoto wa nani?” Swali hilo, ambalo Eldas lingemchosha, huko humpa faraja kubwa. Usiku hupiga simu nyumbani. Mama humwita “hooyo”, yaani mama, maana kwa Kisomali mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile aitwalo na mtoto, na kijana humjibu kwa neno hilo hilo. Huulizana habari za mvua. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 majira matano ya mvua yalipita bila mvua ya kutosha, na jamaa nyingi za kaskazini zilibaki na mizoga. Simu za miaka hiyo zilikuwa nzito.

Siku moja darasani, katika kusimulia habari za kwao, kijana huyo hutaja ngamia, naye hutazamia watoto washangae. Mtoto mmoja hujibu, “Sisi pia tunao.” Ni kweli. Ngamia wa kwanza alishushwa Australia mwaka 1840, na kuanzia 1860 waliletwa kwa maelfu pamoja na wachungaji Waislamu kutoka Afuganistani, Baluchistani na Punjab, ili kubeba mizigo katika jangwa la katikati ya nchi. Wachungaji hao ndio waliojenga msikiti wa Adelaide mwishoni mwa miaka ya 1880. Magari ya moto yalipokuja, katika miaka ya 1920 na 1930, ngamia waliachwa wajiendee, wakazaana. Sasa ni wanyama wa mwitu, na huhesabiwa kuwa waharibifu wa visima na nyua. Kati ya 2009 na 2013 serikali iliwapunguza kiasi cha 160,000, na Januari 2020, katika ukame mkubwa, maelfu walipigwa risasi kutoka katika helikopta huko Australia ya Kusini. Mama akielezwa habari hiyo hunyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha huuliza kama watu wa huko hawanywi maziwa.

Lakini katika jangwa hilo hilo kuna jambo ambalo kijana wa Eldas huliandika katika daftari yake kwa uangalifu. Watoto wa wafugaji wa ng'ombe huko hukaa mamia ya maili mbali na shule yo yote. Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs, ilianzishwa shule ya hewani: mwalimu aliketi mjini mbele ya chombo cha redio, na kila mtoto alimsikia akiwa kwao, akamjibu kwa chombo chake. Shule hiyo ingaliko, na siku hizi hutumia setilaiti na intaneti. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba milioni moja. Siri yake haiko katika mitambo. Iko katika mtu mzima, mara nyingi mama, ambaye huketi karibu na mtoto na kumwongoza, na katika mwalimu ambaye husafiri kwenda kuwaona wanafunzi wake makwao. Kenya ilijaribu jambo la namna hiyo mwaka 2020, wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo yakatangazwa kwa redio na televisheni, lakini mtoto aliye nyuma ya ngamia hakuwa na wa kuketi naye. Duksi inao mtu huyo tayari. Kijana ameandika hivyo katika daftari, na kupiga mstari chini yake.

Jambo hilo si mchezo kwa watu wa Eldas. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho hapo kwanza kilikuwa chuo cha waalimu, kilishambuliwa na Al-Shabaab wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Februari 2018 waalimu wawili waliuawa Qarsa, katika Wajir, pamoja na mke wa mmoja wao. Januari 2020 waliuawa watatu Kamuthe, katika Garissa. Wote watano walikuwa wageni waliokwenda kufundisha watoto wa wenzao. Baada ya hapo waalimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa, au wakaondoka wenyewe, na shule nyingi za upande huo zikabaki na vijana waliotoka kidato cha nne juzi, wasiofundishwa kazi. Mwalimu wa Machakos naye aliondoka. Hapana mwenye haki ya kumlaumu.

Australia nayo ina upungufu wa waalimu, nayo hulipa vizuri. Anayemaliza shahada huko huruhusiwa kukaa na kufanya kazi kwa muda wa miaka kadhaa, na akipendwa hutafutiwa njia ya kubaki. Huko nyumbani shahada ya ng'ambo sharti ipimwe kwanza Nairobi na kutambuliwa, kisha mwenyewe ajiandikishe kwa Tume ya Waalimu, kisha angojee nafasi.

Kwa hiyo katika mwaka wa mwisho kijana ana karatasi mbili juu ya meza yake, moja ya kujiandikisha kuwa mwalimu Victoria, na moja ya kujiandikisha kuwa mwalimu Kenya. Ile ya kwanza ameijaza yote. Ile ya pili amejaza jina, na tarehe ya kuzaliwa, na mahali atokapo. Mdogo wake yuko darasa la nne pale Eldas, na Jumamosi iliyopita kwenye simu alimsomea hadithi ya Kiingereza, akakosea maneno sita katika mistari kumi. Aliulizwa ni nani aliyemfundisha kuyatamka hivyo. Akasema, “Hakuna mtu. Mwalimu hajaja.”