Barua ya wazi kwa ofisi iliyomrudisha binti yangu mara tatu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,



Barua mbili za mwanzo nilikuandikia kwa Kiarabu, moja mwaka 2019 na moja mwaka 2025. Hazikujibiwa. Hii ya tatu naiandika kwa Kiswahili na naiweka hadharani, na sina wasiwasi kwamba ofisini mwako atakosekana wa kuisoma. Siku binti yangu aliporudishiwa fomu yake kwa mara ya tatu, yule afisa aliyeirudisha aligeuka akamuuliza mwenziwe, kwa Kiswahili safi cha Unguja, kama chai imeshakuwa tayari. Kisha akatuelekea sisi akatwambia kwa Kiarabu kwamba fani anayoitaka mtoto haipo.

Ipo, Mheshimiwa. Siku ile hatukupewa nafasi ya kueleza, basi niruhusu nieleze leo. Ni shahada ya kwanza ya taaluma za kimataifa na za kanda. Mwanafunzi huchukua kanda moja ya dunia, akajifunza lugha yake na maandishi yake, akasoma historia yake, uchumi wake, sheria zake na siasa zake kwa pamoja, huku akifundishwa namna dola zinavyoishi na dola nyengine. Katika chuo alichokipata binti yangu ng'ambo, mwaka wa tatu wote ni wa kwenda kukaa na watu unaowasoma. Yeye alichagua Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi. Chuo kilishamkubali. Mimi na baba yake tulishauza kiwanja chetu cha Barka. Kilichobaki kilikuwa idhini ya ofisi yako, karatasi moja tu, ili shahada ije itambuliwe akirudi nyumbani.

Mara ya kwanza alirudishwa kwa sababu fani haikuwa na namba kwenye orodha yenu. Mara ya pili aliambiwa achague moja, siasa au historia au lugha, kwa kuwa mtu hasomi vitu vitatu. Mara ya tatu aliambiwa kanda si somo. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu zilipita wiki saba. Nafasi yake kule ikapewa mwengine, na yeye akapangiwa usimamizi wa biashara hapa hapa, mwaka mmoja wa msingi na minne ya shahada. Alama zake zilikuwa nzuri, akasoma, akafaulu mwaka 2024. Hadi leo hana kazi, lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya bibi yake, mama yangu mzazi, aliyefariki mwaka 2025 akatuachia bweta la barua thelathini na moja tusizoweza kuzisoma.

Mama alizaliwa Pemba, upande wa Wete. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 aliondoka na watoto wawili, akapita Dubai, na miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokwishawaita Waomani waliokuwa nje warudi, akafika Maskati. Kaka yake mkubwa alibaki. Huyo kaka alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hiyo aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa mkono, bila irabu. Na kwa kuwa aliogopa barua kufunguliwa njiani, aliandika kwa mafumbo. Watu wamo kwa majina ya utani, mashamba yamo kwa majina ya miti, na habari ya kifo huja katika sura ya habari ya mvua.

Utasema binti yangu anajua Kiarabu na anajua Kiswahili, kwa nini asisome? Nitakupa neno moja. Katika barua ya nne kaka yake mama anasema namna anavyoishi baada ya serikali kuchukua mashamba na kuwagaia watu eka tatu tatu. Kwa mwandiko ule, fa inasimama mahala pa f na mahala pa v pia. Kwa hiyo ama anasema anavua, yaani ameingia baharini kutafuta samaki, ama anasema anafua, na hapo tena hujui kama anafua nazi za watu au nguo za watu. Mtu aliyekuwa na mikarafuu yake mwenyewe. Tunataka kujua alikula nini miaka ile, na jibu limo katika herufi moja. Mama alilisoma neno lile mara moja tu, akanyamaza, akasema, "Anafua nazi, maskini kaka yangu," akalia mpaka alfajiri.

Hivyo ndivyo zilivyosomwa sita kati ya barua zile. Ilikuwa mwaka 2020, masomo yote yalipohamia nyumbani. Meza ilikuwa moja. Upande huu binti yangu yuko mbele ya kompyuta akisomeshwa namna ya kupanga bidhaa ghalani, upande ule bibi yake yuko na bweta lake. Baada ya kila barua ilikuja hadithi ya siku tatu. Ya saba mama aliifungua akaikunja tena. Akasema hii ni ndefu, ina watu wengi, nitaisoma mjukuu wangu akimaliza mitihani yake. Mitihani ikafuatiwa na mitihani myengine. Akamaliza mwaka 2024. Wakati huo mama alikuwa hanijui hata mimi, mwanawe wa kumzaa, kila asubuhi akiniuliza ni mtoto wa nani.

Najua utauliza: kama binti angekuwa ng'ambo, bibi angemsomea nani? Nimekwishakutajia ule mwaka wa tatu. Ungekuwa ni mwaka 2021 kuingia 2022, mama yungali na akili zake zote. Binti yangu alishaandika katika maombi yake, na maombi hayo yamo katika faili lenu, kwamba nusu ya mwaka huo angekaa na bibi yake Maskati na bweta hili, na nusu ya pili Pemba, kuwatafuta waliotajwa. Angekuja akiwa tayari amefundishwa kuusoma mwandiko, anajua aulize nini, anajua eka tatu zilitolewa vipi na nani alipewa, anajua nyaraka zilizoko Kilimani Unguja zinapekuliwa vipi. Sisi tulimrekodi bibi kwa simu, saa tatu hivi. Tulimuuliza habari za mapishi na harusi, kwa sababu hatukujua la kuuliza.

Ishirini na tano hazijasomwa. Tumeshauriwa tuzipeleke Ulaya kwa wataalamu, na wataalamu wapo kweli. Na hapa, Mheshimiwa, uvumilivu unanishinda. Berlin walikuwa wakifundisha Kiswahili katika chuo chao cha lugha za mashariki tangu miaka ya 1880, kwa sababu walikuwa na nchi ya kutawala na walihitaji maofisa wa kuielewa. London walianzisha chuo cha aina hiyo mwaka 1916, na mwaka 1938 wakaongeza jina la Afrika kwenye jina lake. Wamarekani, baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, walipitisha sheria mwaka 1958 ya kutoa fedha za serikali kwa vituo vya lugha na kanda za dunia, Afrika ikiwamo. China wamekuwa wakifundisha Kiswahili vyuoni mwao tangu miaka ya 1960. Sikatai kwamba taaluma hii ilizaliwa na doa; wengi walioianzisha walitaka kututawala au kutupita. Lakini ndiyo sababu hasa ya kutaka watoto wetu waisome, ili wasomaji wa barua zetu wasiwe wageni peke yao.

Serikali yetu yenyewe inaijua thamani ya elimu hiyo. Kuna kiti cha uprofesa wa uhusiano wa kimataifa Harvard, na kiti cha taaluma za Kiarabu Cambridge, vilivyowekwa kwa mali ya Oman na kwa jina la Sultani wetu. Niliposikia habari hizo nilijivunia. Leo najiuliza kwa uchungu: tuliweza kulipia wageni wasome kanda za dunia katika miji yao, ikatushinda kumpa mtoto wa kwetu Mabela namba ya fani?

Na ni kanda gani hiyo mliyomwambia si somo? Mtawala wa Oman, Sayyid Said bin Sultan, alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, na mpaka uamuzi wa Mwingereza Canning wa mwaka 1861, uliozitenganisha Oman na Unguja, dola hii ilikuwa na miguu miwili, mmoja huku na mmoja kule. Katika nusu ya nyumba za mtaani kwetu, ukipita wakati wa magharibi, utasikia watu wakiitana kwa Kiswahili. Marehemu baba mkwe wangu alipata kazi serikalini miaka ya sabini wiki mbili baada ya kushuka ndege, kwa sababu ya Kiingereza na hesabu alizosomeshwa skuli za Unguja. Wizara za nchi hii zilipoanza kusimama, waliozisimamisha ni pamoja na watu waliozijua pande mbili za bahari. Wamezeeka. Wengi tumekwishawazika. Elimu yao walikuja nayo kichwani, haikuandikwa popote, na mlikuwa na miaka hamsini ya kuwauliza.

Tena haya si ya zamani tu. Mfuko wa serikali ya Oman uliingia katika mpango wa bandari ya Bagamoyo pamoja na Wachina na Watanzania, mazungumzo yakaja kukwama mwaka 2019, mwaka ule ule ofisi yako ilipokuwa ikimrudisha binti yangu. Sijui nani alikaa upande wetu wa meza. Ningependa angalau mmoja wao awe alisoma namna ardhi, sheria na siasa za Tanzania zinavyokwenda. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash kule Unguja lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa likikarabatiwa kwa fedha za Oman sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Maskati Juni 2022, mikataba ikatiwa saini. Siku hiyo binti yangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa mbinu za kuuza. Nchi hii inasifiwa duniani kwa kupatanisha. Aprili 2025 Marekani na Iran zilikuja kuzungumza hapa hapa Maskati kupitia kwetu. Upatanishi ni kazi ya watu wanaomjua jirani mpaka mafumbo yake. Mnadhani watu hao huokotwa wapi?

Siku ya arubaini ya mama, mdogo wake binti yangu, aliye darasa la kumi na mbili, alirudi kutoka skuli na orodha yenu mpya ya fani. Tulikuwa jikoni na wanawake wa mtaa tukipakua. Akaiweka mezani, akaweka kidole. Taaluma za kimataifa na za kanda. Ina namba. Imekaa pale kama kwamba imekuwapo siku zote, bila neno kwa waliokwisharudishwa. Dada yake aliisoma, akaikunja, akaendelea kupakua pilau.

Binti yangu alikwishajaribu njia nyengine. Aliomba kusoma shahada ya pili ya taaluma za Afrika, akajibiwa kwamba shahada yake ya kwanza haihusiani na fani. Shahada mliyompangia ninyi ndiyo inayomfungia mlango wa fani mliyomnyima.

Sikuombi pesa, na kiwanja cha Barka kiacheni, tumeshakisahau. Ninalotaka ni barua kutoka ofisini mwako, yenye saini na muhuri, inayosema kwamba mwaka 2019 mwanafunzi huyu aliomba fani iliyopo, akanyimwa kwa kosa la ofisi. Kwa barua hiyo ataweza kubisha hodi vyuoni upya. Na afisa yeyote anayemrudisha mtoto aandike sababu kwa mkono wake na jina lake chini, kabla tarehe haijapita, maana binti yangu alirudishwa mara tatu na hatuna hata mstari mmoja wa maandishi wa kuonyesha. Wako na wengine. Mama mmoja wa Al Khuwair ameniambia habari za kijana wake aliyetaka kusoma kanda ya Asia ya Kusini. Sasa ni karani wa bima. Watafuteni. Majina yao yamo katika mafaili yenu, na mna anwani zao.

Nimejitahidi kukuandikia kwa adabu, kwa sababu ndivyo mama alivyonilea. Lakini nimekasirika, na sitaki uondoke katika barua hii ukidhani sikukasirika. Mmemchelewesha mtoto miaka sita, na katika miaka hiyo hiyo mtu wa mwisho aliyeweza kuzisoma barua zile akafa.

Bweta liko kwetu Mabela, chumbani kwa mama, juu ya kabati. Barua ya saba tumeijaribu sisi wenyewe, mimi na binti yangu, kwa miwani na taa, usiku baada ya usiku. Tumefika mstari wa pili. Inaanza kwa salamu, kisha linakuja jina la mwanamke, au la mti, hatujui, na baada yake neno ambalo ama ni "amevaa" ama ni "amefaa".

Wassalaam,

Mama wa mwanafunzi
Mabela, Maskati