Kwanza Mkuku, Tanga Baadaye

Nimefanya kazi ya ufundi wa redio na televisheni mjini Unguja kwa zaidi ya miaka 30, na sasa nimerudi kwetu Chwaka kupumzika, ingawa kijiji hakinipi nafasi hiyo. Kila chombo kinachokufa huletwa barazani kwangu. Katika kazi hiyo nimejifunza jambo moja ambalo nataka kuligombania hapa, na sijali nikiwaudhi watu: kijana anayetaka kujiundia kompyuta ya kuchezea michezo aanze kwa kuchagua ubao mama, ule ambao mafundi wanauita mazabodi, na auchague kwa kuangalia mahali anapoishi. Asianze na kadi ya grafiki, asianze na kasha la kioo, na zaidi ya yote asianze na taa.

Najua wapo watakaocheka. Mzee wa mvi anahangaika na michezo ya watoto! Lakini, msomaji, pesa zinazotumika si za watoto.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mama yake analima mwani, kazi iliyoingia mwambao wetu wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo mpaka leo inabebwa zaidi na wanawake. Anayeijua kazi hiyo haifanyii mzaha. Ni kuinama majini saa nyingi, jua linapiga mgongoni na chumvi inakula vidole, na bei anayoipata mkulima ni ya kusikitisha. Dada yangu alipofikiwa na zamu yake ya upatu, pesa zote alimpa mwanawe. Kijana alikuwa amemwambia kwamba kompyuta hiyo ataichezea michezo na pia ataifanyia kazi ya kukata na kuunga video za harusi. Mama akaona hiyo ni njia ya riziki, naye hakukosea.

Kijana akaenda mjini. Muuzaji mmoja akampa kompyuta ya mtumba iliyotoka maofisini Ulaya, akamwambia aichukue hiyo, aongeze prosesa kubwa na kadi ya grafiki, basi kazi imekwisha. Kijana akanunua vyote vitatu. Alipofika nyumbani, pawa saplai ya mle ndani ilikuwa ndogo na haikuweza kuilisha kadi. Akanunua pawa saplai kubwa. Plagi yake haikuingia, kwa sababu ubao ule ulikuwa na plagi ya peke yake isiyofanana na za wengine. Akataka kubadilisha ubao. Kasha likaukataa, kwa sababu matundu ya skrubu hayakulingana. Na ile prosesa mpya, BIOS ya ubao haikuitambua kabisa.

Alinijia na kapu limejaa.

"Shikamoo mjomba. Kila kitu humu ni kizima, lakini hakuna kinachofanya kazi."

Nilikagua kimoja kimoja, nikaona anasema kweli. Sikuwa na dawa. Mama yake hakusema neno. Maji yalipokupwa alirudi kwenye mwani wake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuwacheka vijana, na hasira zangu nimezielekeza kwa wanaowauzia. Kwa nini kijana huyu hakuambiwa kwamba kitu cha kwanza kuuliza ni ubao? Sisi Chwaka ni wavuvi. Fundi wa chombo huulaza mkuku kwanza, kisha ndiyo zije mbavu na mbao. Sijapata kumwona mvuvi aliyemwendea fundi akaanza kuulizia rangi ya tanga. Ubao mama ndio mkuku wa kompyuta. Prosesa, RAM, kadi na pawa saplai vyote vinashikana juu yake, nao ndio unaoamua leo kitu gani utaweza kuongeza keshokutwa. Mwaka 1995 ulitangazwa mpangilio unaoitwa ATX, unaoweka ukubwa wa ubao na mahali pa matundu ya skrubu, ili ubao wa kiwanda hiki uingie katika kasha la kiwanda kile. Kompyuta nyingi za maofisini haziufuati. Muuzaji wa mtumba anapaswa kulijua jambo hilo, na akilinyamazia anakula haramu.

Baada ya umbo, jambo la kuuliza ni soketi, yaani kile kitako cha kukalia prosesa. Hapa hadithi za maduka haziaminiki, na historia inatosha kutufunza. Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilileta soketi AM4. Aliyenunua ubao wa namna hiyo mwaka 2017, na watengenezaji wake wakaendelea kuutolea BIOS mpya, aliweza mwaka 2022 kuutia prosesa ya Ryzen 7 5800X3D iliyotoka mwaka huo huo. Miaka mitano, na ubao ni ule ule! Upande wa Intel, ubao wa soketi 1151 wa mwaka 2016 haukupokea prosesa za kizazi cha nane zilizotoka mwishoni mwa 2017, ingawa namba ya soketi haikubadilika. Ikaja soketi 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka 2021, na 1851 mwaka 2024. Sisemi kwamba kampuni moja ni ya malaika na nyingine ya mashetani. Zote mbili zinafanya biashara. Nasema kwamba mtu anayenunua kwa pesa za upatu hawezi kununua ubao mpya kila anapotaka prosesa mpya. Soketi AM5 ilitoka mwaka 2022, na mwaka 2024 AMD iliahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Ahadi si mali mkononi, lakini ni afadhali kuliko kimya. Na kabla ya kutoa hata shilingi, soma orodha ya prosesa ambayo kila mtengenezaji huiweka kwa kila ubao wake, na uangalie toleo la BIOS linalotakiwa. Ukipata ubao wenye kitufe cha kutia BIOS mpya bila prosesa, uchukue huo. Kule kwenye maduka makubwa, fundi atakuazima prosesa ya zamani ili uamshe ubao wako. Hapa Chwaka utaazima kwa nani?

Sasa nije kwenye lile ambalo washauri wa mbali hawalisemi, kwa sababu wanakaa katika vyumba vya baridi. Sisi tunakaa na joto, chumvi na umeme wetu.

Ubao hupokea umeme wa volti 12 na kuushusha hadi kiasi cha volti moja kwa ajili ya prosesa. Sehemu inayofanya kazi hiyo huchemka. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, Februari, ubao ambao sehemu hiyo iko uchi bila vipande vya aluminiamu vya kuipoza unajimaliza wenyewe polepole. Hapo ndipo pesa ziende.

Chumvi naijua kwa mkono wangu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri hadi 1994, kwa hiyo nimefungua seti nyingi zilizokaa pwani na kuona kutu ya kijani imepanda juu ya shaba. Kaskazi ikivuma kutoka ghubani, chumvi inaingia mpaka kabatini. Inavuta unyevu, na unyevu unaunganisha njia zisizotakiwa kuungana. Ubao wa kompyuta una njia nyembamba mara nyingi kuliko zile za televisheni. Usiuweke chini ya dirisha la baharini, na usiuache umezimwa wiki nzima wakati wa masika, kwa maana chombo kinachowashwa hukaushwa na joto lake mwenyewe.

Ama umeme, nani kasahau? Kuanzia Mei 2008 Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013, na hali haikubaki ile. Hata hivyo umeme wa kijijini hukatika na kurudi ghafla, na kurudi kwake ndiko kunakoua. Katika hesabu ya ubao, tia na bei ya UPS. Kama pesa hazitoshi kwa vyote viwili, chukua ubao wa bei nafuu zaidi. UPS usiiache.

Na hapa ndipo ninapogombana na taa. Siku hizi ubao huuzwa ukiwa na rangi saba zinazopita kama harusi ya mjini, na picha ya joka juu yake. Taa hazimpi mchezaji hata picha moja zaidi kwa sekunde. Bei ya mapambo hayo ingetosha kuongeza RAM au kulipia sehemu ya UPS.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya ladha, kila mtu na apendacho. Nakubali, kama pesa ni zake. Wengine watasema mchezo ni upuuzi, kwa hiyo kuchagua vizuri au vibaya ni mamoja. Hao nawauliza: ng'ombe wa resi za ngalawa ni upuuzi pia? Tena kompyuta inayomudu michezo mizito ndiyo hiyo hiyo inayomudu video za harusi, na upande mmoja ukiharibika wote umeharibika.

Mpwa wangu anakusanya pesa tena, safari hii kwa kazi zake mwenyewe na msaada mdogo wa mama yake. Wiki iliyopita alinionyesha picha ya ubao wenye joka. Sikumgombeza. Nilimpa karatasi na kalamu, nikamwambia aandike soketi, toleo la BIOS, aina ya RAM, maana DDR4 haiingii pahala pa DDR5, ukubwa wa ubao na bei ya UPS. Alirudi jioni na ubao mwingine, mweusi mtupu, wa bei ya chini zaidi. Karatasi ile nimeibandika barazani. Mwenye kijana anayetaka kwenda mjini na ampitishe hapa kwanza.