Bukavu inahitaji watu wa kusoma vipande vya bomu

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na ninyi jamaa mliokimbia Kalehe, Kabare na Walungu mkapokelewa na ndugu zenu hapa mjini, leo siongelei bei ya unga wala stima iliyokatika. Ninaongelea kazi moja ambayo kwetu haina hata jina, na kukosekana kwake kunatuumiza.

Mnakumbuka siku ya ine, tarehe 27 Februari 2025, pale Place de l'Indépendance. M23 walikuwa wameingia mjini wiki mbili nyuma, watu wakaitwa kwenye mkutano wa Corneille Nangaa, na wakati mkutano unaisha ndipo milipuko ikalia. Zaidi ya watu 10 walikufa, makumi wakajeruhiwa. Kabla ya siku kuisha tulikuwa tayari na majibu mawili. Nangaa alisema ni Kinshasa, akaongeza kwamba guruneti zilizotumika ni za aina ile ile inayotumiwa na jeshi la Burundi. Rais Félix Tshisekedi naye alilaumu jeshi la kigeni lililo katika ardhi ya Kongo bila haki. Kila mmoja wetu akachagua jibu kufuatana na upande alio, na mpaka leo ukikaa kwenye taxi-bus kutoka Nyawera kwenda Essence utasikia majibu yale yale mawili, kwa sauti ya chini.

Kilichokosekana siku ile ni mtu wa tatu. Mtu asiye na kipaza sauti, aliyevaa glavu, anayepiga magoti chini na kuokota vipande kimoja kimoja, anaandika kila kimoja kimepatikana hatua ngapi kutoka kwenye shimo, anapeleka maabara, na baada ya wiki kadhaa anasema: hiki ni hiki, na hiki sikuweza kukijua.

Mtu wa namna hiyo yupo katika inchi zingine, na analipwa mshahara wa serikali. Uingereza wana maabara ya serikali inayopima mabaki ya milipuko kwa ajili ya polisi wa inchi nzima. Ndani yake kuna wanasayansi ambao kazi yao si kushika bunduki. Kazi yao ni kupima. Wanapima mavumbi yaliyobaki kwenye shati la mshukiwa, na wenzao wa serikali wanapima kioo cha dirisha kitavunjika namna gani, na wanapima mashine za kutafuta mabomu kabla makuta ya raia hayajatoka.

Hiyo ya mwisho msiidharau. Muingereza mmoja, James McCormick, aliuzia Iraki na inchi zingine kifaa kilichoitwa ADE 651. Alisema kinanusa bomu kwa mbali. Kilikuwa kishikio cha plastiki chenye antena inayocheza cheza, hakina betri, na ndani unaingiza kadi eti ya baruti, au kadi eti ya dawa za kulevya. Iraki peke yake ililipa makumi ya mamilioni ya dola. Askari wa Baghdad walisimama nacho barabarani, magari yenye mabomu yakawapita mbele, mamia ya watu wakafa mjini. Mwaka 2010 televisheni ya BBC ilimpelekea zile kadi Markus Kuhn, mtaalamu wa kompyuta wa chuo kikuu cha Cambridge. Alizifungua, akakuta ndani kibandiko kile cha kuzuia wezi ambacho maduka ya Ulaya yanabandika kwenye nguo. Basi. Mwaka 2013 tribinali ya London ilimfunga McCormick miaka 10. Mtu mmoja mwenye elimu na meza angeweza kuzuia haya yote mwanzoni, kama angeulizwa.

Sasa fikiria mfanyabiashara wa namna ile akitua hapa kwetu na sanduku lake. Nani angelifungua?

Tusidanganyane pia juu ya mashine zilizo za kweli. Kuna chombo kinachotumika viwanja vya ndege: wanapangusa mikono yako kwa kitambaa kidogo, wanakiingiza kwenye mashine, inakipasha moto na kutafuta chembe za baruti. Inafanya kazi. Lakini inaweza kulia pia kwa mtu aliyeshika mbolea, kwa aliyepaka losheni yenye gliserini, kwa mzee anayekunywa dawa fulani ya moyo. Iweke sasa kwenye mlango wa soko la Kadutu. Mama aliyetoka shambani, kijana aliyeshuka kutoka mgodi wa Kamituga ambako wanapasua mawe kwa baruti, papa mwenye moyo mgonjwa: wote wanaweza kusimamishwa. Tuseme watu 20,000 wanapita kwa siku, na tuseme mashine inakosea mara moja tu katika 100. Hao ni watu 200 wasio na kosa, kila siku ya Mungu. Na sisi tunajua mtu aliyesimamishwa na watu wenye silaha anaweza kufikishwa wapi. Mwanasayansi mzuri ndiye anayemwambia mkubwa wa polisi jambo hili kwa herufi nzito: mashine ikilia, bado haijasema mtu huyu ni gaidi, imesema tu mumpime tena kwa njia nyingine.

Kamera nazo. Jirani zetu wa Uganda walinunua kwa Huawei kamera za barabarani za dola milioni 126, na wapinzani wa serikali wakalalamika mapema kwamba zitawafuata wao. Tarehe 16 Novemba 2021 watu waliojifunga mabomu walijilipua Kampala, karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge. Kamera ziliona. Picha zilisaidia kujua kilichotokea, lakini bomu halikuzuiwa na kamera. Na Beni, tarehe 25 Desemba mwaka ule ule, siku ya Noeli, mtu aliyekuja kujilipua kwenye baa ya In Box hakuzuiwa na chombo chochote cha bei. Alizuiwa mlangoni na walinzi, akajilipua pale pale. Watu walikufa, lakini kama angefika katikati ya jamaa zilizokuwa zinasherehekea, tungehesabu wengi zaidi. Mimi sisemi tutupe mashine. Ninasema mlinzi aliyefundishwa vizuri ni sehemu ya elimu hiyo hiyo, na anagharimu kidogo.

Turudi kwenye vipande, maana hapo ndipo utajiri ulipo.

Kampala tena, mwaka 2010, tarehe 11 Julai, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia. Mabomu yaliua zaidi ya watu 70 waliokuwa wanatazama mpira katika uwanja wa ragbi wa Kyadondo na katika mgahawa wa Kihabeshi. Kesho yake, sehemu inaitwa Makindye, ilipatikana fulana ya mabomu ambayo haikulipuka. Pamoja nayo kulikuwa na simu. Simu ile ilifuatwa, namba kwa namba, mpaka ikafika kwa watu. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 2016 jaji alitoa hukumu: watu 7 walipatikana na kosa la ugaidi, 5 kati yao wakapewa kifungo cha maisha, wengine wakaachiliwa kwa kosa hilo kwa sababu ushahidi haukutosha. Mnaona? Kitu kimoja kilichookotwa vizuri kilisaidia kufunga wenye kosa. Kupima vizuri kulisaidia pia kuachilia wengine. Kwetu sisi, hiyo ya pili ni kubwa kama ya kwanza.

Je, guruneti inaweza kuonyesha nini? Ile kishikio chake inaruka kabla ya mlipuko, na mara nyingi inabaki nzima chini, na namba juu yake: kiwanda, loti, pengine mwaka. Mtaalamu akisoma namba hizo anaweza kuuliza kiwanda kiliuzia nani. Lakini mtaalamu huyo huyo atakuambia kwamba aina ya guruneti haitoshi kumjua aliyeitupa. Aina moja inatumiwa na majeshi mengi. Na hapa Kivu silaha zinapita mikono kama noti chakavu: zinatoka kwenye stoo ya jeshi, zinatekwa vitani, zinauzwa, zinazikwa kwenye shamba la mihogo, zinafukuliwa. Kwa hiyo anayesema "ni guruneti za fulani, basi ni fulani" ameruka mto bila daraja. Hilo ninalisema kwa pande zote.

Kuna wanaoniambia: ndugu, sayansi gani katika vita? Hakuna serikali moja, tribinali zimefungwa au zimegawanyika, nani atasikiliza mkemia? Swali ni la kweli. Mwenye bunduki anaweza kuchukua vipande vyote na kuviweka mfukoni mwake. Anaweza pia kumshika mkemia mkono ili aandike jina analotaka. Neno gaidi lenyewe limechoka hapa kwetu, kila upande unalitupa kwa mwengine kama jiwe. Ndiyo maana mimi sitaki maabara iliyo chini ya jeshi lolote, wala chini ya kundi lolote. Ninataka iwe mahali ambapo sampuli inagawanywa mara mbili, nusu inabaki, nusu inapelekwa kupimwa pengine, ili uongo wa mmoja uonekane kwa mwengine.

Na tusijidharau. Mji huu umeshafanya kazi ya ushahidi ambayo dunia iliitazama. Kavumu, kati ya 2013 na 2016, watoto wasichana makumi walitekwa usiku katika nyumba za wazazi wao na kubakwa. Madaktari wa Panzi waliwatibu, wakaandika, wakahifadhi. Watoto walisikilizwa kwa video iliyorekodiwa, wasilazimishwe kusimama mbele ya waliowaumiza. Tarehe 13 Desemba 2017, tribinali ya kijeshi ikikaa pale pale Kavumu, ilimhukumu Frederic Batumike, aliyekuwa mbunge wa jimbo, pamoja na watu wake wa kundi la Jeshi la Yesu: watu 11, kifungo cha maisha, kwa kosa dhidi ya ubinadamu. Mbunge mwenye kinga na wapiganaji! Hakuna mashine ya ajabu iliyofanya hayo. Ni karatasi zilizojazwa vizuri, tarehe, sahihi, picha, na watu waliokubali kuchoka.

Basi yaliyofanywa kwa mwili wa mtoto wa Kavumu yanaweza kufanywa kwa kipande cha chuma cha Place de l'Indépendance. Université Officielle na Université Catholique zina vijana wanaosoma kemia na udaktari. Wakitoka pale wengi wanafundisha shule kwa mshahara usiofika, au wanauza vocha za simu, au wanavuka Ruzizi na hatuwaoni tena. Ninawaomba wakuu wa vyuo hivyo waanze na wanafunzi wachache tu, kozi ya miezi kadhaa: kuokota, kuandika, kufunga, kuhifadhi. Maabara kubwa itakuja siku zake. Ushahidi ukipotea siku ya kwanza, hata maabara ya London haitaurudisha.

Ninyi jamaa mnaofikiria kurudi kwenye vijiji vyenu, neno moja. Chuma chochote msichokijua katika shamba, msikiguse, msikipige kwa jembe, msikichome, msiwaachie watoto wakichezee. Wekeni alama mbali nacho, kijiti au kitambaa chekundu, rudini kwa njia mliyojia, mwambieni chefu wa kijiji. Kama kuna mlipuko mahali mlipo, mkishaokoa watu, acheni vitu chini vilivyo. Najua tunapenda kufagia haraka na kumwaga maji, ni heshima kwa marehemu. Lakini ufagio ule unafuta jina la muuaji.

Na kwa wauguzi wetu, ambao usiku wa tarehe 27 walifanya kazi mpaka asubuhi. Chuma mnachokitoa katika mguu wa mtu ni kipande cha kesi. Kisiende kwenye ndoo ya takataka. Kiwekeni kwenye kopo lenye kifuniko, bandikeni karatasi: jina la mgonjwa, sehemu ya mwili, siku, saa, nani amekitoa, nani amekipokea. Nguo yenye damu ikaushwe kwanza, ikae kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye sashe ya plastiki inaoza. Mgonjwa akikataa, aachwe na uamuzi wake. Kopo, karatasi ya kubandika na kalamu: vitu hivyo vipo hata katika santé ya mwisho kule Bagira, na vinaweza kuanza kutumika usiku wa leo.