Kasia, Chukudu na Mgeni wa Siku Moja

Katika nchi ya Vietnam imezuka biashara ambayo mtu akielezwa kwa mara ya kwanza huenda akaidhania mzaha: mgeni aliyetoka ng'ambo kwa gharama kubwa huamshwa alfajiri, akapakiwa katika mashua nyembamba, akapitishwa taratibu katika vijito vya delta ya mto Mekong, kisha akakabidhiwa baiskeli na kuongozwa juu ya kingo zipitazo kati ya majaruba ya mpunga, akawaona watu wakipika peremende za nazi, wakisuka mikeka na kupanda miche, akala chakula cha mchana katika nyumba ya mkulima, na jioni akarudishwa alikotoka akiwa amechoka, ameungua jua, na ameridhika. Hakuonyeshwa kasri wala simba. Alichouziwa ni siku moja ya kawaida ya watu wa kawaida, na fedha aliyoitoa kwa ajili yake hakuijutia.

Sisi wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunayo sababu mahsusi ya kuitazama biashara hiyo kwa makini, na sababu yenyewe haitokani na uzuri wa maji wala wa milima, ambao kwetu ni tele, bali inatokana na historia ya ile baiskeli. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu ambamo jeshi la Ufaransa lilishindwa, maelfu ya wachukuzi wa Vietnam walipeleka mchele na risasi milimani kwa baiskeli ambazo hazikupandwa bali zilisukumwa, kila moja ikiwa imefungwa fimbo ya mwanzi katika usukani ili mchukuzi apate kuiongoza huku anatembea kando yake, na juu yake umelazwa mzigo wa kilo 200 na kuzidi. Vita vingine vikafuata hata mwaka 1975. Umaskini ukaendelea baada ya vita. Kisha tangu mwaka 1986 serikali ikaanza kulegeza kamba za uchumi na kufungua milango kwa wageni. Na leo chombo kile kile kilichobeba risasi kinambeba mzee wa Ulaya aliyestaafu, naye anapiga kengele kuwaondoa bata njiani.

Ajuaye barabara ya Rutshuru ameshafahamu ninakoelekea. Chukudu letu, lile gari la mbao lenye magurudumu mawili, lililochongwa kwa miti ya mikaratusi na kuvishwa mpira wa tairi kuukuu, hushuka kutoka Kibumba limebeba viazi, kabeji na makaa kwa uzito ambao pikipiki nyingi haziuthubutu, na mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukimsaidia kusukuma penye tambarare na kufunga breki penye mteremko. Kupanda tena mlima ni kazi ya mabega. Mji huu umejengwa kwa chukudu kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyokiri wenye malori, na heshima hiyo tumeilipa kwa kusimamisha sanamu ya mtu na chukudu lake katika mzunguko wa barabara, tukaipaka rangi ya dhahabu. Sanamu ni nzuri. Walakini dhahabu yote aliyopata kuiona mtu wa chukudu ni ile iliyopakwa juu ya mfano wake.

Basi dai langu ni hili, nami nalitoa mapema ili msomaji asinifuate kwa kubahatisha: siku itakapokuja, na naiombea ije, ambapo watu watafunga safari kuja kuiona nchi ya mashambani kandokando ya Ziwa Kivu kwa mashua na kwa magurudumu mawili, kazi ya kuwaongoza iwe mali ya wale ambao leo wanapiga kasia na kusukuma chukudu, si ya yule atakayekuja kuwaajiri kwa ujira wa kutwa; na wageni wa kwanza wawe wenyeji.

Najua kwamba wako watakaocheka. Tangu mwezi wa Januari 2025 mji umo mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege umefungwa, na katika barabara ya kwenda Sake, ambayo ndiyo ningeitaja kuwa njia bora ya safari kama hiyo, watu waliokimbia vita waliishi miezi mingi chini ya mahema mpaka kambi zao zikavunjwa. Ni nani awaye na moyo wa kunena habari za tafrija? Jibu langu ni kwamba sineni habari za tafrija, nanena habari za kazi. Mashua za bandari ya Kituku hazikuacha kwenda wakati barabara zilipofungwa. Ndizo zilizolisha mji. Machukudu hayakuacha kushuka. Ndiyo yaliyobeba magodoro na masufuria ya waliokimbia. Watu waliofanya kazi hiyo katika siku mbaya wanastahiki kufikiriwa kabla siku njema hazijagawanywa kwa wengine.

Hebu tuitazame safari yenyewe ilivyo, maana wengi wetu tumezaliwa juu ya mawe meusi ya mji huu bila kupata kuitembea. Mtu akiondoka Kituku kabla ya jua kuchomoza hukutana na wavuvi wa sambaza wanaorudi, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, taa za usiku zimekwisha kuzimwa, na sauti za kupokezana nyimbo zinazopima mapigo ya makasia. Sambaza huyo tunayemdhania ni mwenyeji wa tangu na tangu ni mhamiaji: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, na katika maisha ya mtu mmoja amekuwa kitoweo cha maskini na tajiri. Chini ya mitumbwi hiyo maji yanateremka hata karibu mita 480, na katika vilindi vyake imeyeyuka hewa ya methani na ya kaboni dioksidi kwa wingi ambao wataalamu wa dunia huutazama kwa tamaa na kwa hofu pamoja. Upande wa Rwanda, huko Karongi, tangu mwaka 2016 wanaivuta methani hiyo na kuigeuza umeme. Mamba hawamo ziwani. Ziwa lenyewe ni kazi ya volkano, kwa kuwa zamani mito ya bonde hili ilielekea kaskazini, mpaka milima ya Virunga ilipoziba njia kwa mawe yake ya moto, maji yakajaa, na mwisho yakatafuta pa kutokea kusini, katika mto Rusizi.

Magharibi kidogo ya mji kipo kisiwa cha Tchegera, kilichopinda mithili ya mwezi mwandamo kwa sababu ni ukingo uliobaki wa kinywa cha volkano kilichozama, ambako Hifadhi ya Virunga iliweka mahema kwa ajili ya wageni wake. Ukizidi kwenda unaingia ghuba ya Kabuno, na kando ya Sake unayakuta mawe ya volkano ya Nyamulagira, ambayo katika mlipuko wa mwaka 1938 hadi 1940 yalitiririka hata yakaingia ziwani. Hapo ndipo pa kushuka na kuchukua kinga, yaani baiskeli. Juu ya Sake vinaanza vilima vya Masisi, na ng'ombe wake, na jibini yake ambayo kila msafiri wa Kinshasa alikuwa akiagizwa asirudi bila nayo. Na nyuma, kwa kiasi cha kilomita 25, iko barabara ya kurejea mjini.

Katika njia hiyo ndipo inapodhihirika thamani ya mwongozi. Kati ya Sake na Goma yako mabonde madogo ambamo mazuku hutuama: hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa tuivutayo, haina rangi, nayo hukusanyika katika mashimo na vibonde, hasa usiku na asubuhi ambapo upepo umelala, ikaua mbuzi, mbwa, na mtoto aliyefuata mpira. Hakuna ramani ya mgeni inayomwambia asikae kupumzika chini ya mti fulani wenye kivuli kizuri. Mama anayelima pale anajua, kwa kuwa ameona nyasi zilizonyauka na ndege waliokufa. Elimu hiyo haikusomwa chuoni, na mtu aliye nayo hastahili kuitwa msaidizi wa mwongozi ati kwa kuwa hasemi Kiingereza. Mwenye Kiingereza ndiye awe msaidizi wake.

Majirani zetu wametutangulia, na hakuna haja ya kulificha jambo hilo. Ng'ambo ya mpaka, kutoka Rubavu hata Rusizi, Rwanda imepanga njia ya kilomita 227 iitwayo Njia ya Kongo na Nili, na wageni huipita kwa miguu au kwa baiskeli, wakishuka hapa na pale kupanda mashua na kuwafuata wavuvi waimbao. Ziwa ni lile lile. Sambaza ni wale wale. Mawimbi hayaulizi kitambulisho. Kilichowapa wao na kutunyima sisi ni amani kwanza, na halafu ni subira ya kupanga jambo dogo. Sisi tulikuwa na mazoea ya kuwaza makubwa tu. Kwa miaka mingi neno la utalii katika Kivu limekuwa na maana ya sokwe na kinywa cha volkano ya Nyiragongo, na hesabu yake imekuwa ya dola: kibali cha kuwaona sokwe upande wetu kilikuwa dola 400, na Rwanda ilipokipandisha cha kwake hata dola 1500 mwaka 2017 tulifurahi kwamba wateja watavuka mpaka. Mwaka uliofuata wageni wawili Waingereza walitekwa na mlinzi wao akauawa, Hifadhi ikafunga milango. Ikafungua tena 2019. Mwaka 2020 maradhi ya Korona yakaifunga. Siwalaumu walinzi wa Virunga, ambao wamezikwa wengi kwa ajili ya wanyama na msitu, na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 haiwezi kubebeshwa lawama za kila serikali. Nasema tu kwamba utalii wa namna hiyo humpitisha mgeni katikati ya watu ndani ya gari lililofungwa vioo, mwendo wa kasi, na mlinzi mwenye bunduki mbele. Atawajua sokwe kwa majina, wala hatajua jina la mtu hata mmoja wa Kibumba.

Mashua na baiskeli vina mwendo mwingine. Mtu aliye juu ya baiskeli hawezi kupita bila kuamkiwa, na akiamkiwa hana budi kuitikia. Akiona kiu atanunua ndizi au nanasi barabarani, akipasukiwa na mpira atamtafuta fundi, na mvua ikimkuta ataomba kujisitiri barazani mwa mtu. Fedha yake humwagika kidogo kidogo katika mikono mingi. Hilo ndilo linalonivuta, wala sina matumaini ya kutajirika haraka kwa watu wetu. Hata huko Vietnam zipo kampuni kubwa za mijini zinazochukua sehemu nono na kumwachia mpiga kasia bahashishi. Kwa hiyo nasisitiza habari ya umiliki tangu sasa, kabla hapajawa na cha kumilikiwa.

Na iko hatari nyingine, ya hadhi. Mtu anayepandisha magunia ya makaa huku mishipa ya shingo imemtoka si kinyago cha kupigwa picha. Kama mgeni anataka kulijua chukudu, na alishike, alisukume mita mia katika mteremko wa Kanyaruchinya chini ya uangalizi wa fundi, alipe ada ya somo kama alipavyo mwanafunzi yeyote, na amwite mwalimu wake kwa jina. Kazi ngumu haimvunjii mtu heshima. Kutazamwa tu akiwa kazini, bila salamu wala malipo, kunamvunjia.

Nimesema kwamba wageni wa kwanza wawe wenyeji. Katika mitaa ya Himbi na Katindo wako vijana waliomaliza masomo ya sekondari, wanaokula sambaza na viazi kila juma, ambao hawajapata kulala hata usiku mmoja katika kijiji kinachovileta, na ambao wakisikia jina la Idjwi hufikiri ni mahali pa mbali sana, ilhali ni kisiwa wanachoweza kukiona siku isiyo na ukungu. Sehemu ya chuki inayotumaliza katika mkoa huu hukaa vizuri katika ujinga wa namna hiyo, mtu akimhukumu jirani ambaye hajala kwake. Shule ikipanga siku moja ya mashua na kinga kwa wanafunzi wake, kwa faranga za Kongo na si kwa dola, itakuwa imempa mwenye mashua mteja asiyeogopa ripoti za balozi, nao watakuwa wamejifunza jiografia ambayo kitabu hakina.

Lakini kabla ya wanafunzi hao kupanda, liko deni. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu waliosimama bandarini, na makumi ya abiria wakafa, wengi wao wafanyabiashara wadogo waliopita ziwani kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa na vita. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, na majaketi ya kuokolea maisha hayakuwako ya kutosha. Siku ambapo mtu atatangaza safari za kuona mashamba kwa mashua, ataambiwa anunue majaketi, naye atanunua, maana mgeni hatapanda bila hilo. Nataka sheria hiyo ianze na mama wa Minova mwenye magunia yake ya mihogo, aandikwe jina katika orodha ya abiria, apewe jaketi, na nahodha akatazwe kung'oa nanga ikiwa idadi imezidi. Na kama itakuja kampuni yenye mashua nzuri na majaketi kwa wageni peke yao, huku mashua ya soko inapita kando yake imejaa hadi ukingoni, mimi sitaipigia debe.